Mpiga Kura wa Kidato cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa buti za mwanaume. Kampuni ya ulinzi iliyoniajiri pale Iringa mjini haikuwa na buti za kike, kwa hiyo mtunza stoo akanipa jozi iliyobaki, akaniambia nijaze magazeti mbele ya vidole. Nilitembea kutoka stoo hadi lindoni nikisikia karatasi inakwaruza kila hatua, nikaamini mji mzima unaisikia. Lindo, kwa ninyi msioijua kazi hii, ni mahali mlinzi anapokabidhiwa kupalinda. Langu lilikuwa ghala la mahindi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili niliowaacha Idodi kwa mama yangu, na maishani mwangu nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima kwamba hapa hupiti.

Mkuu wa malindo alikuwa Mbena, mwanajeshi mstaafu, mrefu, mgumu wa kucheka. Alinipa kirungu, filimbi na kitabu cha matukio. Hilo ni daftari kubwa ambamo kila kinachotokea lindoni kinaandikwa kwa saa, na anayepokea zamu anasaini kwamba amekisoma. Wiki ya kwanza niliandika kwamba amepita mtu mbaya. Asubuhi akaniita.

"Yustina, huyu mtu mbaya alikuwaje?"

"Alikuwa anaangaliaangalia ghala, afande."

"Basi andika hivyo. Aliangalia ghala. Alivaa nini, alitokea wapi, akaelekea wapi. Ubaya wake ataamua hakimu, wewe siyo hakimu."

Nilitaka kufuta, akanishika mkono. Kitabu cha matukio hakifutwi. Unakata kwa mstari mmoja ili maneno ya zamani yaendelee kusomeka, unaandika mapya chini yake, unasaini. Nilikaa ghalani miaka minne na mkono wangu ukawa mzuri sana wa kuandika. Wakubwa walikuwa wakikisoma kitabu changu kwa sauti kwenye paredi ya asubuhi.

Baadaye nikahamishiwa kwenye ukumbi wa sherehe, hapohapo Iringa. Mwenye ukumbi alikuwa mama wa Kiislamu, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani asirudi tena. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alihitaji mlinzi wa kike kwa sababu ya upekuzi: mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, ndiyo sheria ya mlango, na walinzi wa kike tulikuwa wachache. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mkono wa kupekulia ni mgongo wa mkono, kiganja hakihusiki. "Kiganja kinashika, mwanangu," alisema. "Mgongo wa mkono unauliza tu." Alinifundisha pia kuomba ruhusa kabla ya kugusa mkoba wa mtu, hata kama huyo mtu ananuka pombe na ananitukana.

Ni kwenye ukumbi ule nilipogundua kwamba nina ulimi. Watu wakiwa kwenye foleni wanachoka, wanasukumana, na neno moja la kuchekesha linawatuliza kuliko kirungu. Nilianza kidogo kidogo. Akija bwana mwenye suti inayombana namwambia, "Pita taratibu, mzee, vifungo vyako vinaomba likizo." Foleni inacheka, naye anacheka, anapita. Nilikaa mlango ule miaka zaidi ya kumi, nikajulikana kwa hilo. Kampuni ilipofungua tawi Mbeya na kupata mkataba wa kulinda klabu moja ya muziki kando ya barabara kuu, upande wa Iyunga, walitafuta mlinzi wa kike wa kusimama mlango mkubwa, na jina langu likatoka kwanza. Mama Festo, ndivyo walivyoniita wote, kwa jina la mwanangu mkubwa.

Mlango wa klabu si sawa na mlango wa harusi. Pale kuna umri. Asiyefika miaka kumi na minane haingii, na anayesema amefika aonyeshe. Kwa hiyo nililazimika kujifunza vitambulisho: kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, kitambulisho cha taifa. Kadi iliyochezewa huwa naijua kwa kidole kabla ya jicho. Unapitisha ukucha pembeni, mahali plastiki ya juu inapokutana na kadi. Kama ilibanduliwa ikabandikwa tena, ukucha unakwama. Unaigeuza kwenye taa uone kama picha imekaa juu ya karatasi au ndani yake. Halafu unauliza. Usiulize "una miaka mingapi", maana hilo kila mtu amelikariri njiani. Uliza alimaliza darasa la saba mwaka gani. Uliza alijiandikishia wapi kupiga kura. Mtu anayesema kweli anajibu bila kufikiri, na anayedanganya utamwona anapiga hesabu machoni.

Meneja wa klabu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye simu mbili, aliyekuja Mbeya kutoka Dar na kulalamikia baridi kila siku ya Mungu. Alinipenda. "Mama Festo," alikuwa akisema, "wewe ni nusu ya burudani yangu. Watu wanaanza kufurahi kabla hata hawajasikia muziki." Sitaki kuwadanganya, maneno yale yalinipendeza. Nilikuwa nikitoka nyumbani nimeshaandaa utani wa siku hiyo.

Sasa niwaambie kuhusu Sekela.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayoingia kwenye viganja. Foleni ilikuwa ndefu. Akafika msichana mwembamba, amejipaka rangi ya mdomo, nywele zimesukwa vizuri, koti la mtu mkubwa kuliko yeye. Akanipa kadi ya mpiga kura kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Nikajua hapohapo. Wateja wa klabu hawaniamkii hivyo, wao ni "mambo bi mkubwa" na kupita. Nikaipokea kadi. Jina liliandikwa Anyesi, umri wa miaka ishirini na minne. Ukucha ukakwama pembeni. Picha ilikuwa mpya kuliko kadi yenyewe, na chini ya plastiki palikuwa na viputo vya hewa.

"Anyesi," nikamwambia, "ulijiandikishia wapi kupiga kura?"

"Shuleni."

"Shule gani?"

"Palepale ninaposoma," akasema, kisha akafumba mdomo.

"Unasoma kidato cha ngapi?"

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtoto aliyefundishwa kumjibu mkubwa. "Cha tatu," akasema kwa sauti ya chini.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kadi imetambulika, mtoto amekiri, kilichobaki ni kumweka pembeni. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu kama hamsini wanaotetemeka kwa baridi, na nilikuwa sijatoa utani hata mmoja tangu zamu ianze. Nikainua kadi juu kwenye taa.

"Jamani, njooni mwone! Leo tumepata mpiga kura wa kidato cha tatu!"

Foleni ililipuka kwa kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, hebu muulize alimpigia nani!"

"Alimpigia monita wa darasa!" nikajibu, na wakacheka hadi wengine wakashikana mabega. Niliona simu zimeinuliwa. Simu huwa zinainuliwa mlangoni kila wakati, sikujali. Yule msichana hakulia. Alisimama ameninyooshea mkono, kiganja wazi, akingoja nimrudishie kadi ili aondoke.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi: kadi iliyochezewa inashikwa, mtoto anakaa chumba cha tiketi, mzazi anaitwa, na mzazi asipopatikana, kituo cha polisi. Mkuu wa zamu, mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo, alikaa naye. Nilipopita kuchukua maji nikamkuta Sekela, ndivyo alivyoitwa kwa jina lake halisi, amemshika mzee yule mkono wa shati.

"Baba, naomba msimpigie baba yangu. Mpigieni dada."

Dada mtu akaja na bajaji, kitenge amejifunga juu ya nguo ya kulalia. Huyo ndiye Anyesi mwenyewe, fundi cherehani, na kadi ilikuwa yake. Mdogo wake aliichukua kabatini. Akatuomba radhi sote mmoja mmoja, akamshika mdogo wake mkono wakaondoka. Nikaandika kwenye kitabu cha matukio: saa, jina, aina ya kadi, jinsi ilivyochezewa, nani aliitwa, nani alimchukua. Niliandika vizuri sana. Utani wangu sikuuandika.

Jumanne, Rehema wa tiketi akanijia anacheka. "Mama Festo, umekuwa maarufu!" Akanipa simu. Mlango wetu ule, taa ile, na sauti yangu imetoka safi kama ya redioni. Uso wa Sekela ulionekana wote, hadi rangi ya mdomo. Rehema alisema imeingia kwenye makundi ya watu hadi Tukuyu, hadi Iringa. Na mimi, wanangu, sitawaficha: nilicheka. Nikamwambia arudie tena nisikie. Nilimrushia hata mwanangu Festo.

Ijumaa mchana tulikuwa tunasimamia usafi, wadada wanamwaga maji sakafuni, Anyesi akasimama getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimefuata kadi yangu."

Nikamweleza kwamba kadi imeshakabidhiwa kwa wahusika, itabidi aende ofisi ya uandikishaji atoe maelezo. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia maji yale ya sabuni yanavyopita miguuni kwake.

"Mama, ile sauti kwenye video ni yako?"

"Ni yangu."

"Sekela ameacha shule," akasema. "Jumatatu aliingia darasani, wenzake wamesimama mlangoni, wanamwambia onyesha kitambulisho. Jumanne hivyohivyo. Hata alipokwenda chooni. Jumatano akapanda gari kwenda Chimala kwa shangazi, na amesema harudi. Shule imeleta barua, bodi itakaa Alhamisi ijayo. Wanaweza kumfukuza. Na asipotokea kabisa, ndiyo wamefukuza."

"Na baba?"

"Baba hampigi, hamfokei. Anatoka karakana ya reli, anakaa kwenye kiti, hawashi redio. Anasema amekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tano, na leo watu wakimwona wanatabasamu." Akajifuta pua na ncha ya kitenge. "Alikosea, mama. Kuiba kadi yangu alikosea, na nimemwambia. Mimi sikuja kukulaumu."

Ingekuwa afadhali angenilaumu. Nilisubiri aondoke, kisha nikaenda chumba cha tiketi nikakifungua kitabu cha matukio kwenye ukurasa ule wa Jumamosi. Kila kitu kilikuwa sahihi. Ungempelekea hakimu ukurasa ule, angejua yote isipokuwa lile nililolifanya mimi.

Jumapili nilikuwa na mapumziko. Nikapanda gari la Chimala bila kumwambia mtu. Nilipomuulizia shangazi yake nilielekezwa kwenye mashine za kukoboa mpunga, nyuma ya soko. Pale kuna kelele na vumbi la pumba hadi kope zinakuwa nyeupe. Nilimkuta Sekela ameketi na wanawake wengine wanapepeta mchele kwenye ungo, amejifunga kitambaa hadi karibu na macho. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Akaniona. Mikono yake ikasimama.

"Mama wa mlangoni," akamwambia shangazi yake. Hakuniamkia.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeishi kwa Wasangu hadi lafudhi ya kwao Kyela ikamtoka. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwee! Na wewe umefuata nini huku? Kadi nyingine hana."

"Nimekuja kuongea na mtoto, dada. Kama atakubali."

Sekela alisogea kidogo kwenye gunia alilokalia. Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima tangu Igawilo, juu ya umuhimu wa elimu, juu ya dunia ilivyoharibika. Nilipokaa yote ikanitoka.

"Ulikuwa unataka nini kule ndani?" nikamuuliza.

"Kuona tu," akasema. "Wenzangu wawili walikuwa wameingia wiki iliyotangulia. Wakirudi darasani wanaongea wao, mimi sielewi wanachocheka. Nilitaka nikaone, nirudi nyumbani."

"Basi hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Mwanamke mmoja upande wa pili wa mashine akamwita mwenzake, nikasikia wazi, "Muulize huyo mpiga kura kama chenga zimekwisha." Wakacheka kidogo, cheko la kawaida, la watu wenye kazi. Sekela akavuta kitambaa juu zaidi. Neno langu lilikuwa limemtangulia huku Chimala, likakaa likamngoja.

"Sekela," nikasema, "mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza. Alionekana kuogopa. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia mkubwa akimwambia hivyo. "Mama, wewe si ulikuwa unafanya kazi yako?"

"Kazi yangu ilikuwa kukuambia hupiti. Hicho kingine nilikiongeza mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa na baridi na mimi napenda kusifiwa."

Alipepeta. Chenga zikaruka mbele ya ungo. "Nikirudi wataniita hivyohivyo," akasema.

"Watakuita. Siwezi kukudanganya. Watakuita muhula huu, labda na ujao."

"Halafu?"

"Halafu atatokea mwingine wa kuchekwa. Ndivyo watu walivyo. Lakini wewe ukibaki hapa, hilo ndilo litakuwa jina lako."

Nikamwambia kwamba Alhamisi nitakwenda kwenye bodi, aje au asije. Shangazi alinisindikiza hadi barabarani, akanifungia mchele kidogo kwenye mfuko, akasema, "Mimi nitamleta. Nitamleta hata kwa kumbeba."

Jumatatu nikaomba ruhusa kwa meneja. Akaweka simu zote mbili mezani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mama Festo, ukienda pale na sare zetu, kesho wazazi watasema klabu hii inaingiza watoto. Video ile inatufaidisha: inaonyesha mlango wetu uko makini. Uiache hivyo ilivyo."

"Wenzake wawili waliingia wiki moja kabla yake, bosi. Mlango wetu hauko makini hivyo."

Uso wake ukabadilika. "Ukienda, umekwenda kwa hiari yako. Usiseme sikukuambia."

Nilikwenda nimevaa gauni langu la kanisani. Bodi ilikaa kwenye maktaba ya shule: mkuu wa shule, mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenyekiti, na wajumbe wengine wanne. Baba Anyesi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono yake imejaa alama za grisi ambazo hazitoki kwa kuoshwa. Sekela alisimama mbele yao kwa sare, shangazi akiwa mlangoni kama askari. Tulisikia makosa yakisomwa: kutoka nyumbani bila ruhusa, kutumia kadi isiyo yake, kuichezea, kulitia doa jina la shule. Alipoulizwa akasema ni kweli, yote. Kisha mkuu wa shule akaniuliza mimi ni nani.

"Mimi ni mlinzi niliyemkamata," nikasema. "Yule unayemsikia kwenye simu."

Wote walinitazama. Baba Anyesi hakunitazama.

Niliwaeleza kama nilivyofundishwa kuandika: saa, mahali, nani alisema nini. Safari hii nikasema na utani wangu, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida. Mle maktaba hapakuwa na wa kucheka. Nikawaambia, "Mtoto huyu alizuiwa mlangoni. Ndani hakukanyaga. Kosa la kadi ni lake, muadhibuni kwa hilo. Lakini jina la shule sikumbuki yeye kulitaja. Aliyepaza sauti ni mimi. Kama kuna aliyelitia doa, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, unajua unaongea mbele ya bodi?"

"Najua, mwenyekiti."

Ndipo Baba Anyesi akasimama. Alikuwa na sauti nzito, ya polepole. "Nilikuja hapa niseme mfukuzeni," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Lakini sasa namsikia mtu mgeni kabisa anamsemea mtoto wangu, na mimi baba yake sijamwambia neno wiki mbili." Akakaa. Sekela ndipo alipolia. Mlangoni kwangu hakulia, Chimala hakulia. Alilia pale.

Walimsimamisha masomo wiki tatu, na adhabu ya kufyeka uwanja wa shule atakaporudi. Mkuu wa shule alisema pia kwamba mwanafunzi atakayekutwa akiitisha kitambulisho mlangoni mwa darasa atafyeka naye. Sijui kama agizo hilo lilitekelezwa. Nje, Baba Anyesi alinipa mkono. Mikono yetu ilikaa pamoja muda mrefu kidogo kuliko desturi.

Klabu ilinipa barua ya onyo na kunitoa mlango mkubwa. Nikapelekwa geti la nyuma, kwenye maegesho, kufungua na kufunga kwa ajili ya magari ya vinywaji. Nilikaa huko karibu mwaka mzima. Sikulalamika, ingawa miguu ilianza kuvimba kwa baridi, na ingawa wenzangu walisema nimejitakia. Nilikuwa kweli nimejitakia.

Alipokuja meneja mwingine, mwanamke, alikuta vijana wanagombana kila wiki mlangoni, akauliza ni nani mwenye uzoefu. Nikarudi. Nilimwomba jambo moja tu: meza ndogo pembeni ya mlango, nyuma ya pazia. Mwenye kadi yenye mashaka anaitwa pale, anaulizwa kwa sauti ya mtu mmoja, anakataliwa hapohapo, anatokea njia ya pembeni. Walinzi wapya walionipitia niliwafundisha ukucha, taa na maswali, halafu nikawafundisha pazia. Baadhi yao waliona ni kupoteza muda. Kijana mmoja aliniambia, "Mama, akiaibika si ndiyo hatarudi tena?" Nikamwambia ni kweli, hatarudi. Hapo kwako hatarudi, na pengine hatarudi mahali pengine pia, mahali ambapo alipaswa kurudi.

Utani sikuuacha kabisa. Mtu haachi ulimi wake. Lakini nilijiwekea sharti la kumtania anayepita tu. Anayezuiwa nilimwacha.

Nilistaafu mwaka juzi. Kampuni ilinipa cheti, blanketi na saa ya ukutani, wakasema maneno mazuri. Baba Anyesi alikuja kwenye hafla ile, sijui alisikia kwa nani, akakaa nyuma, na mwisho akanikabidhi mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake. "Nimekuja kukuaga," akasema, akaondoka kabla ya chakula.

Sasa niko Idodi, nalima mahindi na alizeti kidogo, na magari ya watalii yanapita barabarani yakielekea hifadhini. Wasichana wa hapa wanaotaka kazi ya ulinzi wananijia na salamu ya Kihehe, "Kamwene, bibi," wananiuliza kama ni kazi nzuri. Nawaambia ni nzuri, inasomesha watoto. Mimi imenisomeshea wawili. Nawaambia buti siku hizi zipo za saizi zao. Na nawaambia kwamba mtu anayesimama mlangoni ana nguvu kuliko anavyojijua, kwa sababu kila anayefika mbele yake anafika akiwa anaomba.

Sekela alimaliza kidato cha nne, si kwa alama za kutisha, lakini alifaulu, akasoma maabara katika chuo kimoja pale Iringa. Leo anapima damu za watu kwenye zahanati. Siku za sikukuu hunipigia simu. Ananiamkia, ananiita mama, tunaulizana hali ya mvua, ananisimulia kuhusu mtoto wa Anyesi. Video ile hatujawahi kuitaja. Kama alinisamehe, hajasema, na mimi sijawahi kumuuliza. Ananipigia simu. Siku nyingi hilo linanitosha, na siku nyingine halinitoshi.